Nyuzi za Goti la Ambokile

Jumatatu, 6 Juni 1994

Mganga mfawidhi wa kituo chetu cha afya, Bwana Amoni, ametukusanya wahudumu wote wanne barazani. Baridi! Ukungu umeshuka mpaka kwenye vikombe vya chai. Kasema mambo mawili. La kwanza: serikali inapunguza watumishi, na kati yetu wanne wawili watarudi nyumbani kabla ya mwaka kwisha. La pili: kuna mtaalamu wa fiziotherapia anatoka Mbeya, atafungua chumba cha mazoezi ya viungo, na anatafuta mhudumu mmoja wa kumpeleka masomoni Moshi. Mwaka mzima. Akirudi ni msaidizi wa fiziotherapia. Ajira ya kudumu. Huyo hapunguzwi.

Sikujua fiziotherapia ni kitu gani. Nikanyoosha mkono wa kwanza!

Simon akanyoosha wa pili, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi ugenini. Wale wengine wawili hawakutaka; mmoja anangoja kustaafu, mwingine ana watoto wadogo. Kwa hiyo ni mimi na Simon. Simon ana miaka mitatu kazini. Mimi kumi na mmoja. Nimeshashinda.

Nyumbani nimemwambia mke wangu, Tusekile, aanze kuzoea kuitwa mke wa mtaalamu. Kauliza mtaalamu wa nini. Wa viungo, nikamjibu. Kasema vizuri, nianze na vya pilau.

Nadharauliwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Jumatano, 8 Juni

Barua ya maombi nimeiandika. Nzuri mno. Nimesema nina uzoefu wa miaka kumi na mmoja wa kunyanyua, kunyoosha na kukunja wagonjwa. Si uongo. Nani anawabeba kwenye machela? Nani anawapandisha kitandani?

Mtaalamu kafika. Nilitegemea mzee mwenye miwani mizito. Ni mwanamke! Dada Justa, mtu wa Bukoba, mrefu, anatembea upesi kama aliyeacha maziwa jikoni. Katuita mmoja mmoja. Barua yangu kaisoma mpaka mwisho. Uso haukusema lolote. Halafu kaniuliza:

"Bwana Ambindwile, goti limeundwa na mifupa gani?"

Nikafikiri. "Mfupa wa goti."

"Na mingine?"

"Mfupa wa goti la pili."

Akaandika kitu. Kirefu.

Simon aliingia baada yangu, akakaa nusu saa nzima. Nikapita mlangoni na ndoo na fagio. Nikafagia pale pale kwa muda. Anataja mifupa kwa majina! Kumbe ana kitabu, kaazima kwa mapadre tangu mwaka jana, hata kabla nafasi haijatangazwa. Mtu anasoma wakati hakuna mtihani. Ana nia gani huyu?

Ijumaa, 10 Juni

Dada Justa kasema hachagui kwa barua wala kwa majibu. Kila mmoja wetu atapewa mgonjwa mmoja wa goti, wiki mbili. Kila siku kwenda nyumbani kwake, kumfanyisha mazoezi, kupima, kuandika kwenye daftari. Jana ametufundisha mazoezi siku nzima. Kipimo ni plastiki yenye mikono miwili; mkono mmoja unaulaza pajani, mwingine kwenye muundi, unasoma goti limekunja nyuzi ngapi.

Katueleza pia habari za kazi yenyewe. Wilaya tatu yuko peke yake. Nafasi serikalini zipo, watu hawapo; tangu hospitali za watu binafsi ziruhusiwe, wenzake wengi wamekimbilia Dar. Wachuma chai wanapinda migongo, waliovunjika wanaunga mifupa halafu hawawezi kukunja mguu, na hakuna wa kuwashika. Simon alikuwa anaandika. Mimi nilikuwa nawaza koti jeupe.

Halafu ugawaji. Simon kapewa mama mmoja wa Mpuguso, nyumba iko karibu na barabara. Mimi nimepewa Kinyala. Mlima, matope, saa moja na nusu kwenda tu! Huu ni upendeleo.

Nimekwenda lakini. Mgonjwa anaitwa Ambokile, miaka thelathini, alianguka kutoka kwenye mparachichi. Hospitali ya Igogwe walimfunga plasta, mfupa umeunga vizuri kabisa, ila goti limesahau kukunja. Hawezi kuchutama, hawezi kulima wala kupanda kilima na mkungu wa ndizi. Migomba yote sasa inaangaliwa na mama yake, na huyo mama ana miaka sabini.

Nikamfanyisha kama nilivyofundishwa. Nikapima: nyuzi arobaini. Mama mtu alikuwa ameniwekea kiti, na beseni la maji ya moto la kulainisha goti. Kanipa mbalaga, zile ndizi za kupika, na maziwa mgando. "Ndaga fijo, dakitali," kasema. Asante sana, daktari. Nilitaka kumwambia mimi ni mhudumu tu. Nikaona haya kidogo. Halafu nikala.

Jumatatu, 13 Juni

Jumamosi sikwenda Kinyala: mvua. Jumapili sikwenda: ibada. Leo nimetoka, nimefika kwenye ule mteremko wa darajani, nimeteleza. Nimeketi kwenye matope mbele ya wanafunzi wa shule. Wamenipa pole wote kwa pamoja, kama wimbo. Nimerudi nyumbani.

Hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Ambokile ni kijana. Anakula vizuri. Goti la kijana anayekula vizuri lazima linafunguka. Kwa siku, tuseme nyuzi tano? Kumi? Nimeandika: Jumamosi arobaini na nane. Jumapili hamsini na sita. Leo sitini na tano. Si uongo, ni makadirio. Hata serikali inakadiria mavuno ikiwa ofisini.

Alhamisi, 16 Juni

Ambokile: tisini na mbili. Maendeleo makubwa!

Mimi nilikuwa mnadani Tukuyu. Mitumba mipya imeshuka. Nimepata koti jeupe, refu, lina vifungo vyote. Mgongoni kuna maandishi ya kigeni, bila shaka ni jina la chuo kikuu. Mfukoni kumedariziwa samaki mdogo. Alama ya Wakristo, nadhani. Nimelivaa nikatembea nalo sokoni. Mama mmoja kaniamkia kwa magoti mawili!

Nimekutana na Simon akitoka Mpuguso, suruali imelowa mpaka magotini. Kasema mgonjwa wake amefika hamsini na mbili, ameanza na arobaini na tano. Wiki nzima, nyuzi saba. Nikampa pole. Nilimaanisha.

Jumanne, 21 Juni

Mgonjwa wa Simon: hamsini na tisa. Wangu: mia moja thelathini na nane.

Bwana Amoni kaniita pembeni, kasema hakujua nina kipaji. Nikatazama chini kama mtu mnyenyekevu. Kweli nilikuwa natazama chini kwa sababu nyingine, lakini ilifaa.

Tusekile kauliza leo mbona viatu vyangu havina matope siku hizi. Nikamwambia napita njia ya juu. Kasema hakuna njia ya juu. Kwao ni Kinyala! Nilikuwa nimesahau.

Alhamisi, 23 Juni

Siku ya kukabidhi daftari. Nimevaa koti.

Dada Justa kaangalia koti kwanza. Kazunguka nyuma yangu, kasoma. Alisoma Ujerumani miezi sita, lugha anaijua. Kasema maandishi yale ni ya duka la samaki. Samaki wabichi na wa kukaanga. Simon hakucheka. Afadhali angecheka.

Halafu daftari. Kafungua ukurasa wa mwisho: mia moja sitini na tano. Kaniuliza mgonjwa anajisikiaje. Nikasema anashukuru. Kauliza kisigino chake kiko wapi. Nikasema kiko mguuni.

Kachukua kipimo, kaketi, kakunja goti lake mwenyewe mpaka kisigino kikagusa makalio. Kanipa nisome. Mia moja arobaini. Nikasoma mara ya pili. Mia moja arobaini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba goti la binadamu linaishia hapo, kwa sababu mbele kuna nyama. Kwa daftari langu, kisigino cha Ambokile kimepenya kikatokea upande wa pili.

Nikasema labda kipimo kina kasoro.

"Labda," kasema. "Kesho tutakipima Kinyala. Wewe na mimi."

Ijumaa, 24 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulipanda mlima, yeye mbele. Nilitumaini mvua. Haikunyesha. Siku zote inanyesha!

Tulipofika, kitu cha kwanza nilichoona ni kiti. Kile kile, kando ya mlango, mahali pale pale. Miguu yake imechimba mashimo manne kwenye udongo. Na beseni juu ya kigoda, linafuka mvuke. Hawakujua kama tunakuja. Maji yalikuwa yanachemshwa tu kila siku, saa hiyo hiyo.

Dada Justa kasalimia, kaketi mkekani karibu na Ambokile.

"Bwana Ambindwile alikuwa anakuja kukufanyisha mazoezi?"

Ambokile kanitazama. Mara moja tu, haraka. "Alikuwa anakuja."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mama yake kadakia kutoka jikoni: "Kila siku, mwanangu. Dakitali mzuli huyu. Anakuja, anafanya, anaondoka."

Dada Justa akapima. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona kipimo. Thelathini na tano. Chini kuliko siku ile ya kwanza! Goti lilikuwa limeanza kujifunga, na mimi nilikuwa sokoni naamkiwa.

"Mama," Dada Justa kasema, polepole, "kila siku kweli?"

"Kila siku. Hata mvua ikinyesha."

Hapo nikasikia sauti. Ilikuwa yangu. "Nilikuja mara moja tu. Ile Ijumaa ya kwanza. Nyingine zote nimeandika mwenyewe nikiwa nyumbani."

Kuku mmoja aliingia ndani, akatoka. Mama Ambokile ndiye aliyekasirika wa kwanza, na alinikasirikia kwa kusema! Kanigombeza kwa Kinyakyusa, upesi upesi: nani kaniuliza mimi, si wameshajibu wao?

Dada Justa alipokuwa anamfanyisha Ambokile mazoezi, nilimfuata yule mama nyuma ya nyumba. Nikamuuliza kwa nini amenisemea uongo, mimi niliyewatupa. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Wakikufukuza wewe, nani atakuja?" kasema. "Wewe umekuja mala moja. Wengine hawajaja kabisa."

Nikashika maharage, nikaanza kuchambua pamoja naye. Kaniambia naacha mawe.

Jumamosi, 25 Juni

Nimeshinda ndani. Nimemwambia Tusekile yote, hata habari ya samaki. Nilitegemea acheke. Nilimwomba moyoni acheke. Hakucheka. Kasema yule mama wa Kinyala ni shangazi wa mama yake, ndiye aliyembatizisha. Kisha kanipakulia chakula, kakiweka mezani, katoka nje.

Koti nimelificha chini ya gunia la mbolea.

Jumatatu, 27 Juni

Hukumu. Simon anakwenda Moshi mwezi ujao. Mgonjwa wake ameishia sitini na nne, nyuzi za kweli, na jana yule mama alipanda ngazi za kanisa bila kushikwa. Bwana Amoni alikuwa ameshashika kalamu kuniandikia barua mbaya. Na ile orodha ya wanaopunguzwa ilikuwa mezani, haijajazwa. Niliiona. Nafasi mbili tupu.

Dada Justa akamwomba asubiri. Kasema kunifukuza hakutakunja goti la Ambokile. Kasema niende Kinyala kila siku, wiki saba, mvua au jua, na niandike ninachokiona, hata kama ni kidogo. Akaongeza, akinitazama, kwamba aliyesema ukweli mbele ya mgonjwa, japo kachelewa, anaweza kujaribiwa mara moja zaidi. Nilitamani angenitukana.

Simon kanifuata uani. Kanipa daftari lake, lile alilonakili kutoka kwenye kitabu cha mapadre kwa mkono wake, na picha za mifupa kachora. Kasema yeye huko atapata vitabu. Nilitafuta dharau usoni mwake ili nimchukie vizuri. Haikuwepo.

Goti lina mifupa mitatu. Wa paja, wa muundi, na kifuniko chake. Mitatu tu! Hata kwa kubahatisha ningeweza.

Jumanne, 19 Julai

Kinyala siku ya ishirini na mbili. Nimeteleza mara sita. Nimezoea, wanafunzi wamechoka hata kunipa pole.

Nyuzi sabini na mbili. Leo Ambokile amelia. Nilikuwa nimelishika goti, nabonyeza taratibu, machozi yakamtoka bila sauti. Nikataka kuacha. Akasema, "Endelea, kaka." Ananiita kaka. Zile siku ambazo sikuja hazitaji kabisa. Mimi pia sizitaji. Tunazipita kila siku, kama watu wanaopita kaburi njiani.

Kombe la Dunia limekwisha juzi na sikusikiliza mechi hata moja.

Jumanne, 9 Agosti

Mia moja na tano!

Ambokile amechutama. Mwenyewe! Alikwenda mgombani, akachutama, akang'oa magugu mawili, akabaki pale pale chini anacheka. Mama yake alikaa juu ya kinu, akafunika uso kwa kanga. Mimi nikajifanya nakagua migomba.

Dada Justa alikuja mchana, akapima kwa kipimo chake. Mia moja na tano. Sawasawa na daftari langu, bila kupungua hata uzi mmoja. Kasema, "Sasa hii ni kazi." Kasema pia kwamba orodha ya Bwana Amoni imekwenda bila jina langu, na mwakani huenda Moshi wakachukua mtu wa pili. Akaniomba jambo moja: nisimguse mgonjwa yeyote ambaye yeye hakunipa, mpaka nisome. Maana mkono usiojua unaweza kuvunja kilichokwisha kuunga.

Nikaapa. Nilimaanisha kwa moyo wote. Sijawahi kuapa namna ile hata kanisani.

Jumapili, 14 Agosti

Mama Ambokile alinialika ibada Kinyala, mimi na Tusekile. Wakati wa shukrani akasimama, akamsimamisha na mwanawe. Ambokile katembea mpaka mbele, kapiga magoti yote mawili mbele ya kanisa zima, kainuka bila fimbo. Vigelegele! Halafu mama akanionyesha kidole. "Dakitali wetu, yule pale." Watu wote wakageuka.

Niliona aibu ya kweli. Nilifikiria kiti kando ya mlango. Nikasema moyoni, leo nitasimama, nitawaambia mimi ni mhudumu, nafagia, nabeba machela, na kwamba mtaalamu ni Dada Justa. Nikaanza kusimama kabisa. Tusekile alinitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu harusi yetu. Wimbo ukaanza, nikakaa. Si vizuri kukatiza wimbo.

Nje walinizunguka. Mzee wa nyonga, mama mchuma chai mwenye mgongo, wengine wa mabega na viwiko. Kumi na mmoja! Kila mmoja anaeleza, anashika, anaonyesha. Nilifungua mdomo niwaelekeze kituoni Alhamisi, siku anayokuja Dada Justa. Lakini Alhamisi ni mbali kwao. Na yeye ana wilaya tatu, dada wa watu, anachoka. Ni kumsaidia tu. Tena siku hizi mambo ni huria, mtu haulizwi.

Tusekile alikuwa amekwenda kuwasalimia ndugu zake, hakusikia.

Nimewaambia waje Jumamosi, nyuma ya ghala la zamani la ushirika, kimya kimya. Magoti asubuhi, migongo mchana. Koti nimelitoa chini ya gunia, nimelifua, na yule samaki nimemfunika kwa kiraka.

Yuko mzee mmoja yeye anaumwa jino. Nimemwambia jino nalo ni mfupa. Aje saa tisa.